Damu ya Kuazima

Mtu akiniambia mashine haidanganyi, natamani nimtupie tambara la deki usoni. Miaka ile ya 2013 na kuendelea nilikuwa mfagizi wa maabara moja ya damu kule Al Quoz, Dubai, na mashine zile nilizifuta vumbi kila asubuhi kwa mkono wangu huu. Kudanganya hazidanganyi, sikatai. Lakini ukiiletea damu, haikuulizi umeitoa kwa nani, na hapo ndipo Rispah alipotaka kuangamia.

Mimi Khamisa, mtu wa Tanga. Rispah alikuwa Mjaluo wa Siaya, Kenya, mwenzangu wa kazi na wa chumba kabla hajaolewa. Mrefu, mkaidi, msafi mpaka anakera. Kikombe nikishaosha mimi, yeye anakiosha tena. Alisomea mambo ya maabara Kisumu, akaja Dubai na cheti chake, wakampa kazi ya kupokea vipimo na kuosha vyombo vya vioo. Yeye hakulalamika. Nililalamika mimi kwa niaba yake, mpaka madam mwenye maabara akaniambia, "Khalas, basi, Khamisa, nimesikia."

Chakula cha mchana tulikula nyuma ya jengo, kwenye kivuli cha tangi la maji, na Rispah alikuwa hawezi kula bila kufundisha mtu.

"Da Khamisa, hii chapati ulijua aje kuipika?"

"Kwa mama."

"Na mamako?"

"Kwa bibi. Ebo, unanihoji kama polisi?"

"Basi DNA ni hivyo. Ni maelekezo ya kutengeneza mwili, unapewa na waliokutangulia. Kila seli iko nayo ndani, uzi mrefu sana umekunjwa mafungu mafungu. Fungu moja linaitwa kromosomu. Na ile sehemu ya uzi inayoelekeza kitu kimoja, hiyo ndiyo jeni. Sasa shika hii: kila jeni unazo nakala mbili. Moja ya mama, moja ya baba."

"Baba yangu! Hakuniachia hata kandambili, kumbe aliniachia nakala?"

"Alikuachia. Hakuna mtu wa kupewa mbili na mama peke yake."

Ndivyo nilivyojifunza, kati ya chapati na maharage. Kulikuwa na mashine ndogo ya kona niliyokuwa naiogopa, maana ilinguruma yenyewe bila mtu. Akaniambia ile ni PCR. Inaipasha moto DNA mpaka nyuzi zake mbili ziachane, inapoza, kila uzi unajengewa mwenzake, halafu inapasha tena, na tena. Kipande ambacho jicho haliwezi kukiona kinazaana mpaka kinasomeka. "Kama hamira," nikasema. Akacheka, akasema ndiyo, kama hamira.

Siku moja nikamuuliza kwa nini anapenda hivi habari za damu. Akaacha kutafuna.

Kwao walikufa wawili, dada yake Caren na kaka yake. Wote walianza vilevile: vidole vinavimba, macho yanakuwa ya manjano, mifupa inauma mpaka mtoto anapiga kelele akiguswa na shuka. Kijijini walisema ni chira, laana ya mtu aliyevunja miiko, na kidole wakamnyooshea mama yake. Mama akaishi na maneno hayo mpaka akazoea kutembea ameinama. Rispah alikuja kulijua jina la ugonjwa akiwa chuoni. Selimundu.

"Ndani ya seli nyekundu kuna himoglobini," alinieleza, "ndiyo inabeba hewa. Maelekezo yake yamebadilika mahali pamoja padogo tu, da Khamisa, na seli inajipinda kama mundu, inakwama kwenye mishipa. Nakala nzima tunaiita A. Nakala mbovu, S. Mimi niko na A moja na S moja. Siumwi. Ni mbebaji tu. Lakini nikizaa na mbebaji mwenzangu, mtoto anaweza kuokota S yangu na S yake, na hapo ni yale ya Caren."

"Sasa utafanyaje?"

"Nimeapa. Sitazika mtoto vile mamangu alizika. Mwanaume akinitaka, damu kwanza."

Damu kwanza! Mwenzangu, wanaume wawili walitimua mbio kwa neno hilo. Mmoja aliacha hata koti lake, na koti nililivaa mimi.

Dancan hakukimbia. Alikuwa mlinzi wa jengo moja la maduka, akikaa kwenye mabweni ya kampuni yake kule Muhaisnah. Walikutana kanisani, siku ya Ijumaa, maana Dubai hata Wakristo walisali Ijumaa, siku ya mapumziko. Mpole, sauti nzito ya kuimbia, anakusalimia kwa mikono miwili. Nami nilimpenda, nisiseme uongo. Rispah akamweleza yote, S na A, Caren na kaka yake. Dancan akasema, "Sawa, nitapimwa."

Sasa nakwambia mapema jambo ambalo sisi tulilijua baadaye sana, maana sitaki uhangaike kama tulivyohangaika. Damu iliyopimwa haikuwa ya Dancan.

Kwenye bweni lao damu ilikuwa na hadithi zake. Mgeni hupimwa afya ndipo apate visa, na wote pale walimjua mtu, au walimjua mtu anayemjua mtu, aliyechomwa sindano asubuhi na jioni akaambiwa afunge begi. Basi vijana wale waliogopa sindano kuliko polisi. Waliamini tone lolote la damu ya mgeni, liwe limetolewa kwa ajili ya nini, mwisho wake linafika kwa wakubwa wa visa. Na walikuwa na desturi yao ya chinichini: mwenye wasiwasi anamwomba mwenzake mwenye afya akamtolee. Dancan aliwahi kukohoa muda mrefu kabla ya kusafiri, na hofu ya kifua kikuu haikumtoka akilini. Kuhusu hiyo S, aliona ni mambo ya shule ya Rispah. Kwao hakufa mtu kwa mifupa, alijiambia. Kwa hiyo akamwomba Ronny, Mkenya mwenzake wa kitanda cha juu, kijana mwenye kifua kama mlango.

Ronny akavaa gwanda na kofia ya ulinzi, akachukua kitambulisho cha Dancan, akaenda kwenye zahanati ya palepale Muhaisnah ambayo ilikuwa inatuletea vipimo. Wa mapokezi akaangalia picha, akamwangalia mtu. Wote weusi, wote magwanda. Yalla, kaa hapo, kunja mkono. Kichupa kikaandikwa Dancan, kikatiwa kwenye kisanduku cha barafu, kikaletwa Al Quoz.

Aliyekipokea ni Rispah. Nilikuwa karibu naye na ndoo yangu. Alisoma jina, akatazama huku na huku, akakiinua kile kisanduku, akakibusu.

"Wewe!" nikamwambia. "Hata hujaolewa, unabusu mabarafu."

"Niache, da Khamisa. Naomba tu."

Mpimaji wetu alikuwa Auleria, Mhaya wa Bukoba, mwanamke asiyecheka akiwa amevaa glovu. Akapima, akatoka na jibu mwenyewe: AA. Nakala zote mbili nzima. Rispah alicheza kwenye stoo ya sabuni mpaka akaangusha ufagio. Mimi nikapiga vigelegele mpaka madam akaja kuuliza nani amefariki.

Wakafunga ndoa Ijumaa, wakapanga kijichumba cha mbao mtaa wa Deira, akapata mimba, akazaa msichana. Mama yake akapiga simu kutoka Siaya: marehemu Caren amemjia ndotoni, anaomba jina. Nikamwambia Rispah, jamani, majina yote haya duniani?

"Ni mila yetu. Akiomba, unampa. Na huyu ni mzima, da Khamisa. Babake ni AA."

Mtoto akaitwa Caren.

Pale hospitali watoto wachanga walichomwa kisigino, tone likapimwa. Haukupita muda wakampigia Rispah simu: njoo, turudie. Wao hawakusema zaidi, lakini Rispah hakuwa mtu wa kuambiwa zaidi. Alikuja kazini na mtoto kifuani, bado ana maumivu ya uzazi, akamwomba Auleria apime palepale. Nilikuwa napiga deki ukumbini. Kupitia kioo nilimwona Auleria akifanya kazi, mashine ya kona ikinguruma, kisha nikamwona anairudia kazi ileile tangu mwanzo. Nikaacha deki. Auleria hakuwa mtu wa kurudia.

Akamwita Rispah ndani. Mlango haukufungika vizuri.

"Mtoto ana S mbili," Auleria alisema.

Nikamsikia Rispah akivuta kiti.

"Moja ni yako. Ya pili ametoa mwanaume mwenye S. Dancan hana S, Rispah. Nilimpima mimi."

"Vichupa vilichanganyika."

"Havikuchanganyika."

"Vilichanganyika! Auleria, wallahi, vilichanganyika!" Mkristo wa watu akaapa kwa kiapo changu.

DNA ya kile kichupa cha Dancan ilikuwa imebaki kwenye friza. Wakaitoa, wakaipima upya mbele ya macho yake. AA. Ile mashine ilisema kweli tupu, mara ya kwanza na ya pili. Ilimsema Ronny.

Madam akamwita ofisini. Hakumgombeza, na hilo lilinitisha zaidi. "Mimi sitasema chochote," alimwambia. "Lakini hapa siyo kwenu, Rispah. Hapa mtoto wa nje ya ndoa ni kesi, ni jela. Mumeo akiamua kwenda kushtaki, sina namna ya kukusaidia."

Nilimsindikiza Deira. Nilimbeba mtoto mimi. Dancan alikuwa ametoka zamu, amekaa kitandani, buti bado miguuni. Rispah akasimama mlangoni akamweleza yote, neno kwa neno, kama Auleria alivyosema. Akamaliza kwa kusema, "Mimi sijawahi kulala na mwanaume mwingine. Sielewi. Nisaidie kuelewa."

Sasa msikilizaji, wewe unajua alichokuwa anakijua yule mtu. Alikuwa na neno moja tu la kusema, jina la Ronny. Akaangalia buti zake. Akaziangalia weee, mpaka nikadhani kuna kitu sakafuni. Kutumia kitambulisho namna ile ni kosa kubwa kule. Wangerudishwa kwao wote wawili. Na Rispah angejua kwamba kiapo chake kilivunjwa kwa ujanja. Hayo ndiyo aliyokuwa akiyapima, na mkewe amesimama mbele yake.

Akainua macho akasema, "Nimekusamehe."

Haki ya Mungu, nilidhani sikusikia vizuri.

"Unanisamehe nini?" Rispah akauliza.

"Yaliyopita yamepita. Nitamlea kama wangu."

Amemsamehe! Toba yarabi! Na habari ikafika kanisani, sijui kwa mdomo wa nani, na akina mama wakaanza kumpa Dancan mkono wakimwambia ana moyo wa Kristo. Rispah akawa anakaa kiti cha nyuma na mtoto. Nilipoambiwa hayo nilivunja sahani, na haikuwa bahati mbaya.

Alimwomba Dancan arudie kutoa damu. Dancan akasema, "Nimekusamehe, bado unataka kunidhalilisha na sindano?" Nikamshika Auleria: tuibe mswaki wake, si umesema hata mate yana DNA? Auleria akatikisa kichwa. Bila ridhaa ya mwenyewe wala amri ya mahakama, kupima ubaba ni kosa, na angepoteza kazi na uhuru wake. Nilimnunia wiki nzima, ingawa alikuwa na haki.

Kilichonitia hofu zaidi ni Rispah mwenyewe. Yeye aliiamini mashine kuliko mimi ninavyoamini mchana na usiku. Na kwa vile mashine haikosei, akaanza kujitilia shaka yeye. Siku moja tunasuuza mitungi, akaniuliza polepole, "Da Khamisa, kuna siku niliwahi kulala nikiwa sijijui?"

"Unasema nini wewe?"

"Ile sherehe ya mwaka mpya, kwa wale Waganda. Ile soda. Nilikunywa nikalala kwenye kochi, sivyo?"

"Ulilala na mimi nimekulalia miguu! Acha wazimu!"

"Ulilala pia. Hukuona."

Akaendelea kusuuza. Tangu hapo akawa akimtazama kila mwanaume Mwafrika tunayepishana naye, anamtazama masikio, anamtazama pua, halafu anamtazama mtoto. Gari la polisi likipita Al Quoz, anageuka ukutani amfunike Caren. Na kila asubuhi, kabla ya salamu, anakunjua vidole vya mtoto kimoja kimoja kuangalia kama vimevimba. Alikonda. Nguo zote zikawa zinamning'inia.

Vidole havikuvimba. Kilichovimba ni tumbo. Ilikuwa Ijumaa ya kiangazi, joto la kuunguza soli, nimetoka swala ya adhuhuri, simu ikalia. Sauti ya Rispah ilikuwa imetulia kupita kiasi. "Tumbo la Caren limekuwa gumu. Viganja vimekuwa vyeupe. Tuko hospitali."

Niliwakuta wodini yeye na Dancan. Daktari alieleza kwamba seli zilizopinda zimeziba ndani ya bandama, na bandama imemeza damu ya mtoto. Anahitaji damu upesi, kundi O, na akiba ya kundi hilo siku ile ilikuwa haba. Ndugu watoe. Lakini asiwe mbebaji, maana damu yenye S haitamfaa mtoto huyu. Rispah hakufaa. Mimi ni kundi B. Auleria, niliyempigia simu njiani, akafika anahema, bado na mkoba begani, na uso wake ukafunguka alipomwona Dancan.

"Si huyu hapa! Huyu ni AA, nilimpima kwa mkono wangu. Sista, mchukue huyu."

Nesi wa zamu, Mfilipino mdogo, akamchoma Dancan kidole, akaangalia kundi upesi upesi. O. Akasema kipimo cha S kwa leo hakiwezekani, anayekifanya hayupo, watategemea neno la mpimaji. Akamkalisha Dancan kitini, akamkunja mkono wa shati, akamfunga mpira mkononi. Mshipa ukasimama.

Caren alikuwa anapumua kama anayekimbia. Rispah alikuja akasimama mbele ya kile kiti. Sikutegemea: alimwekea Dancan mkono begani, akasema, "Asante. Hata kama si wako, asante."

Nesi akaleta sindano.

"Sista, ngoja," Dancan akasema.

"Hakuna muda, sir."

"Ngoja!" Akautoa mkono. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni. "Mimi si AA. Sijui mimi ni nini. Ile damu ilikuwa ya Ronny. Ronny ndiye alitoa. Mimi sikwenda kabisa."

Auleria alikaa sakafuni palepale, na mkoba wake. Mimi nilivua kandambili na nilimpiga nayo, nasema wazi, kichwani na mgongoni, nikimwita kila jina ambalo mama yangu alinikataza, na nesi akanikumbatia kwa nyuma kunizuia. Dancan hakujikinga.

Rispah hakupiga kelele. Alisema, "Mpigie simu."

"Rispah, nisikilize, nilidhani…"

"Mpigie Ronny simu."

Ronny alikuja na teksi kutoka Muhaisnah, fulana kaivaa kinyume. Alijua anajiingiza kwenye matatizo, Dancan alimwambia, na alikuja vilevile. Hakuthubutu kumtazama Rispah. Akakaa kwenye kile kiti akanyoosha mkono, akasema tu, "Toeni ya kutosha." Kundi lake O. Damu ikajaa kwenye mfuko, wakaipima walivyoweza kuipima, wakaja kuutundika juu ya kitanda cha Caren, na tone la kwanza likashuka.

Dancan alikuwa amepiga magoti kwenye vigae. "Nilijua ukipata kujua utaniacha," alilia.

"Ningekuacha," Rispah akasema. "Ningelia, nikakuacha, nikapata nafuu. Ndiyo maana nilitaka kujua." Kisha akamwambia atoke nje. Dancan akainuka akatoka.

Baadaye viganja vya mtoto vilianza kurudisha rangi kidogo. Daktari alisema tusifurahi sana, yatarudi, ugonjwa huu hurudi. Rispah aliitikia kwa kichwa; alikuwa akijua tangu utotoni. Akamwendea Ronny aliyekuwa ameegemea ukuta, akamuuliza kama amekula, akamtobolea boksi la juisi, akamshikia mpaka akamaliza.

Halafu akaja kukaa karibu yangu. Alitazama ule mfuko ukidondoka.

"Kile kisanduku nilichobusu," alisema.

"Usijikumbushe, mwanangu."

"Da Khamisa, miezi yote hii nimekuwa nikipiga magoti kila siku, namwomba Mungu anisamehe."

"Akusamehe nini, Rispah?"

"Sijui. Sikuwa najua nimefanya nini. Nilikuwa naomba tu."